Mashine Isiyoficha Kitu

Hakuna injini iliyowahi kutengenezwa duniani yenye uwezo wa kumficha jambo Sikio! Hayo si maneno yangu. Mimi nauza vifaa vya gereji, sina muda wa kumsifu fundi bure. Ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema kila asubuhi kwa yeyote aliyekuwa karibu. Siku ambayo hapakuwa na mtu, aliliambia lango la gereji.

Jina la Sikio alijipa. Ukimpelekea gari, alichukua bisibisi ndefu kama mkuki, ncha akaiweka kwenye injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho kama mtu anayepokea salamu kutoka kwa mababu. Kisha hukumu ilitoka, na mtuhumiwa alikuwa kile kifaa kidogo kinachopima hewa inayoingia kwenye injini:

"Sensa ya hewa!"

Akija wa pili: "Sensa ya hewa!"

Akija wa tatu, ambaye shida yake ni mlango usiofunga, Sikio alisikiliza, akaguna, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mlango ni dalili tu, kaka. Ugonjwa wenyewe ni sensa ya hewa."

Alichapisha hadi stika. Za manjano, zina picha ya sikio kubwa kuliko la tembo, na chini yake maandishi: TUNASIKIA TUSICHOAMBIWA. Alizibandika kwenye nguzo, kwenye matangi ya maji, kwenye mlango wa choo cha jirani. Laiti angepata mbuzi aliyetulia, naye angebandikwa.

Na ile taa ya injini, ile ya rangi ya chungwa inayowaka kwenye dashibodi na kumnyima mtu usingizi? Kwa Sikio ilikuwa mchezo wa watoto. Gari liliingia taa inawaka, likatoka taa imezima. Miujiza! Watu walimpa mkono wakaondoka wanaimba. Mimi sikuuliza kitu. Niliona tu kwamba hakuna fundi umeme mjini aliyenunua kwangu utepe mweusi kwa wingi kama huyu fundi wa injini. Na mteja mzuri hahojiwi.

Basi mambo yake yakaenda hivyo mpaka alipotokea Mwalimu.

Mwalimu ni mama mwenye shule ya udereva. Kila mtu anamwita Mwalimu, hata mume wake, hata askari wa barabarani. Ana uwanja mzima wa vigari vidogo, na kila kimoja kinateswa kutwa na watu wasiojua klachi ni mdudu gani. Kwa fundi, hilo ni shamba lisilokosa mvua! Ukipewa magari ya shule ya udereva, umeajiriwa wewe, wanao na wajukuu zako.

Mwalimu akatangaza: magari yote atayakabidhi kwa gereji moja tu. Sharti, iwe na mashine ya kitaalamu ya kupima magari, ile ya kompyuta. "Na nitaiona ikifanya kazi kwenye gari langu mwenyewe," alisema. "Habari za bisibisi sikioni zimenichosha."

Sikio hakuwa na mashine. Alichokuwa nacho ni mwenye kiwanja, aliyekwisha kumwambia bila kumung'unya maneno: "Usipopata kazi ya kueleweka, hapa naweka sehemu ya kuoshea magari." Kwa hiyo Sikio alifanya alichofanya siku zote akibanwa. Akaenda kwa shemeji zake, ndugu wa mkewe, akawatangazia kwamba kazi ya Mwalimu ameshaipata.

Kesho yake akaingia dukani kwangu, kifua mbele, mkewe nyuma.

"Mzee wa vifaa! Nionyeshe mashine ya kupima gari. Ya kitaalamu. Usinipe takataka."

"Unatengeneza magari gani hasa?" nikamuuliza. Hilo ndilo swali la kwanza, ndugu msomaji, kabla ya bei. Mashine inayojua malori haijui vigari, na inayojua vigari vya kampuni moja inaweza kuwa kipofu kwa vya kampuni nyingine.

"Yote!" akajibu. "Ningekuwa na nafasi, ningetengeneza hata ndege."

Nikamtolea ndogo, ya kushika kwa mkono mmoja. Inasoma hitilafu za injini, inazifuta, basi. Akaigeuza kwa vidole viwili kama aliyeokota panya.

"Hii ni mashine au kipande cha sabuni? Mteja akiniona na hiki atanipa na taulo!"

Nikamtolea ya kati. Hii inasoma injini, gia, breki, na mifuko ya hewa. Fundi wa ng'ambo ya barabara anayo kama hiyo, na sijawahi kumsikia akilalamika. Ila nilikosea kumtaja.

"Yule?" Sikio akacheka kwa pua. "Niwe na mashine sawa na yule? Si bora nirudi kuchunga kuku!"

"Baba watoto," mkewe akasema taratibu, "muulize basi kama inasoma vile vigari vya Mwalimu."

"Mke wangu, mashine ni kama mume. Haichaguliwi kwa maswali, inachaguliwa kwa umbo."

"Ndiyo maana nilipata hasara," mkewe akasema, akaenda kuangalia mafeni.

Nikaona huyu tumfikishe anakotaka kufika. Nikaingia stoo, nikatoka na sanduku la alumini linalohitaji mikono miwili na magoti yaliyo timamu. Nikalifungua. Ndani kulikuwa na kioo kikubwa kama sinia la harusi, kebo nene kama nyoka aliyeshiba, na plagi za kila namna zimelala kwenye mashimo yao. Sikio akafuta mikono kwenye suruali kabla ya kugusa kitu. Mara ya kwanza tangu nimfahamu!

"Hii," nikamwambia, "inaingia kila kompyuta ndani ya gari. Vigari vya Mwalimu inavijua vyote. Na haisomi tu. Inaamuru."

"Inaamuru?"

"Unabonyeza hapa, honi inalia kule. Unabonyeza hapa, feni inazunguka. Ukitaka taa iwake, inawaka."

"Lete hapa!" Alikwisha kulikumbatia sanduku.

Sasa, mimi si malaika, ila si shetani pia. Nikamwonya. "Sikio, sikiliza. Hii haifichi kitu. Kila kilichofanyika kwenye gari, itakisema. Fundi ajue kazi yake kwanza, ndipo aibebe."

"Ndiyo ninayoitaka! Isiyoficha kitu! Magari yamezoea kuficha, sasa yamekutana na mwenzao!"

Nilimwonya mara moja. Biashara haidai maonyo mawili.

Tukaanza kupatana. Fedha taslimu alikuwa nazo kiasi cha kuchekesha, kwa hiyo nikachukua kompresa yake, ile ya upepo, iwe nyongeza. Alilia kidogo, nikalia zaidi yake, tukaafikiana. Jioni kompresa ilikuwa dukani kwangu, na Sikio alikuwa anajaza magurudumu ya wateja kwa pampu ya mguu, anahema kama mfua chuma, huku sanduku la alumini limewekwa juu ya meza ya gereji lionekane kutoka barabarani.

Siku ya maonyesho ikafika. Nilikwenda, maana ninapouza mashine kubwa huwa nasimama na mnunuzi siku ya kwanza. Uwanja wa shule ya udereva ulijaa wanafunzi waliopumzishwa kugonga madebe ya mazoezi ili washuhudie. Mke wa Sikio alikuwepo, na kaka zake pia, wamekuja kuona utajiri wa shemeji.

Sikio akatokea amevaa koti jeupe. La daktari! Mfukoni ameweka ile bisibisi, kalamu mbili na kitambaa. Sanduku alilibeba kama mtu aliyebeba taji la mfalme, isipokuwa taji halimpindi mtu kiuno.

"Mabibi na mabwana," akaanza, "kuanzia leo gari likidanganya, limejidanganya lenyewe!"

"Fundi, chomeka," akasema Mwalimu.

Gari lenyewe lilikuwa la Mwalimu, kigari cheupe ambacho Sikio alikuwa amekitengeneza miezi michache nyuma. Nikamwonyesha soketi iliyopo chini ya usukani, akachomeka. Kioo kikawaka. Mashine ikaanza kupita chumba kwa chumba kama mpangishaji anayekagua nyumba: breki, sawa. Gia, sawa. Injini...

Ikalia. Herufi nyekundu zikatokea: SENSA YA HEWA INA HITILAFU.

Ungemwona Sikio! Aliruka, koti likapepea, akawageukia shemeji zake mikono juu.

"Si nilisema? Si nilisema mimi? Sensa ya hewa! Kompyuta imekuja kutoka kiwandani kusema nilichokisema kwa bisibisi! Mimi na mashine ni pacha!"

Wanafunzi wakapiga makofi. Mwalimu akangoja yaishe.

"Kweli ulisema," akasema. "Na ukaniambia umeweka mpya."

Makofi ya mwisho, ya mwanafunzi mmoja mzito wa kuelewa, yakafia hewani.

"Ah... Mwalimu," Sikio akasema, "hata vipya vinaugua. Mtoto mchanga haugui?"

"Anaugua. Lakini analia. Sensa ikiharibika, taa ya injini si huwaka? Mimi mbona sikuona taa?"

"Taa nayo ina siku zake..."

Mwalimu akawageukia wanafunzi. Kumbe ndiyo tabia yake, kila jambo analigeuza somo. "Ukizungusha ufunguo, kabla injini haijanguruma, taa zote zinafanya nini?"

"Zinawaka, Mwalimuuu! Kisha zinazima!"

"Na isiyowaka kabisa?"

"Imekufa! Au imefichwaaa!"

"Vizuri." Akamrudia Sikio. "Fundi, mashine yako inaamuru, au sivyo? Umetangaza mji mzima. Iamuru taa ya injini iwake."

Sikio akanitazama. Mimi nikatazama mawingu. Akabonyeza honi kwanza, kwa kupoteza muda. Honi ikalia. Akabonyeza waipa, zikacheza. Akabonyeza feni, ikavuma.

"Taa, fundi."

Akabonyeza. Kioo kikaandika kwa adabu zote: AMRI IMETEKELEZWA. TAA INAWAKA.

Tukachungulia dashibodi. Giza totoro!

"Mashine mbovu!" Sikio akapaza sauti. "Nimeuziwa mashine mbovu!"

"Sawa," Mwalimu akasema. "Kama ni mbovu, huna mashine, na mimi nampa kazi fundi wa ng'ambo ya barabara."

"Hapana, hapana, mashine ni nzima! Nzima sana!"

"Kama ni nzima, taa inawaka, na kuna kitu kimeiziba. Chagua moja."

Nimehudhuria minada mingi maishani. Sijaona mtu akishikwa huku na huku vizuri namna ile.

"Ila kufungua dashibodi ni kazi ya siku nzima, Mwalimu..."

"Baba watoto," mkewe akaingilia, sauti tamu kama asali, "si juzi umesema unaifungua ukiwa umefumba macho?" Akamchomoa bisibisi mfukoni, akamkabidhi.

Shemeji mkubwa akakunja mikono kifuani. Sikio akafungua. Saa za dashibodi zikatoka, zikaning'inia kwa nyaya zake. Mwalimu akainama, akaingiza kucha nyuma ya kibao cha taa, akabandua kitu. Papo hapo mwanga wa chungwa ukatupiga usoni sote.

Kilichokuwa kimeiziba taa hakikuwa utepe mweusi. Na hapo nikakumbuka: wiki ile alipokitengeneza kigari hiki, utepe ulikuwa umeniishia dukani! Maskini alitumia alichokuwa nacho karibu. Mwalimu akakikunjua taratibu, kama anayefungua karatasi ya mtihani. Kilikuwa cha manjano. Kilikuwa na picha ya sikio kubwa.

"Someni," akawaambia wanafunzi.

"TUNASIKIA TUSICHOAMBIWAAA!"

Shemeji mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Shemeji mkubwa hakucheka. Alimwambia dada yake, "Twende zetu." Dada yake akajibu, "Ngojeni kwanza, bado haijaisha."

Kweli haikuwa imeisha.

"Kazi nimeshaitoa," Mwalimu akasema. Sikio akainua kichwa, macho yamelowa matumaini. "Nimeipa mashine. Imesema kweli mbele ya kila mtu, hata mwenye nayo alipokuwa anaomba inyamaze. Fundi, niuzie."

Angefanya nini? Akamuuzia, na si kwa bei aliyonunua kwangu, maana muuzaji aliyelowa jasho hapatani vizuri. Jioni akaja dukani mbio kudai kompresa yake. Nikamwelekeza ng'ambo ya barabara. Yule fundi alikwisha kuinunua kwangu siku tatu nyuma, na inavuma vizuri, unaisikia mpaka kwangu. Hata bila bisibisi.

Kiwanja sasa kinaosha magari. Sikio hakukosa kazi lakini, tusimwonee. Lile sanduku ni zito, na Mwalimu anaumwa mgongo. Kila asubuhi utamwona Sikio anamfuata nyuma uwanjani, koti jeupe bado analo, sanduku begani, anahama nalo kutoka kigari hadi kigari. Anachomeka, fundi mpya aliyeajiriwa na shule anasoma, yeye anachomoa.

Juzi nilimpelekea gari langu, kumchokoza tu. "Sikio," nikamwambia, "lina nini hili? Sensa ya hewa?"

Akatazama kulia, akatazama kushoto, akalishusha sanduku chini kwa heshima.

"Subiri, mzee," akasema. "Ngoja kwanza nimuulize bosi." Akaanza kufungua vifungo vya sanduku.