Makosa Arobaini na Moja ya Jasusi Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mhariri amesema imebaki nafasi moja tu ya kitabu mwaka huu. Tunaoigombea ni wawili: mimi na shemeji, kaka yake mke wangu, mwalimu mstaafu. Yeye ameandika kuhusu ufugaji wa kuku. Mimi nimeandika riwaya ya kijasusi yenye falsafa. Miaka sita! Mwisho wa kupokea miswada ni Ijumaa, saa sita mchana.

Siri ya riwaya yangu ni kwamba msimulizi ni mwongo. Anasema ni fundi saa, kumbe jasusi. Anasema haoni, kisha anasoma barua. Sura ya pili anamzika dada yake, sura ya tisa dada huyo anacheza harusini. Msomaji ashtuke mwenyewe. Sura ya mwisho ndipo anapokiri yote na kujiuliza kama yeye yupo kweli.

Mke wangu aliuliza kwa nini mtu akanunue uongo dukani ilhali mimi nipo nyumbani. Wivu tu.

Nimepeleka muswada wangu wa mkono kwa Dada Mpigachapa, mwenye chumba kimoja nyuma ya posta. Habari za uongo wa msimulizi sikumwambia. Jasusi hatoi siri. Nilimsisitizia tu kwamba sitaki kuona kosa hata moja.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita kuona kazi imefika wapi. Haijaanza! Kuku wa shemeji wako mbele yangu. Dada Mpigachapa alisema foleni ni foleni, hata angekuja baba yake mzazi angengoja. Akatoka kwenda kujaza birika.

Faili la shemeji lilikuwa mezani. Likaanguka. Likaingia uvunguni mwa kabati, mpaka ukutani kabisa. Mambo haya hutokea.

Nyumbani mke wangu aliuliza mbona mkono mmoja wa shati una vumbi hadi begani. Nilimwambia ni upepo. Alitaka kujua huo upepo ulichagua vipi mkono.

Jumatano, 5 Machi

Faili limepatikana. Dada Mpigachapa aliuliza nani aliliingiza kule. Nilisema panya. Akasema basi panya huyo ana vidole, maana amelifunga kwa kamba vizuri.

Kuku wamekwisha kuchapwa, sasa ni zamu yangu. Ameshausoma muswada wote kabla ya kuanza. Alinitazama kwa huruma, akasema kaka yangu, humu ndani una matatizo makubwa. Nilimwambia ndiyo falsafa yenyewe. Akashusha sauti, akaniambia nisiwe na wasiwasi, atanisitiri.

Nimeguswa. Hatimaye mtu amenielewa!

Alhamisi, 6 Machi

Kumpeleleza shemeji. Nilivaa kofia na miwani myeusi, nikajibanza nyuma ya tangi lake la maji. Nilikuwa sijamaliza dakika mbili aliponiita kutoka barazani: shemeji, karibu, mbona umevaa miwani ya dada yangu?

Nikanywa chai. Hakuna namna. Alisema kitabu chake alikiandika kwa miezi mitatu na Dada Mpigachapa amemrekebishia nukta na mikato tu. Akauliza changu kinahusu nini. Nilimtungia hadithi ya uongo papo hapo, asije akaniibia: daktari wa mifugo anayependa mjane. Akasema hiyo angeisoma.

Nimerudi nikiwa na kinyongo.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tano na nusu nikachukua kwa Dada Mpigachapa bahasha mbili, nakala ya Mhariri na yangu. Nikakimbia. Saa sita kasoro dakika nane niko mapokezi kwa Mhariri, nimekabidhi, nimetiliwa sahihi. Ushindi!

Nikakaa kwenye benchi nje, nikafungua nakala yangu.

Ukurasa wa kwanza: “Mimi ni jasusi.” Jamani! Mstari wa kwanza! Kipofu wangu amepewa miwani. Marehemu dada aliumwa sana, akapona. Hoteli ambayo msimulizi aliapa hajawahi kuikanyaga, sasa amekwenda mara mbili, na risiti anazo. Sura ya mwisho haipo kabisa.

Nikarudi nyuma ya posta natweta. Dada Mpigachapa alikuwa anangoja shukrani. Amesahihisha makosa arobaini na moja, ameyahesabu. Alisema mtu hawezi kuwa kaburini ukurasa wa kumi na kucheza harusini ukurasa wa tisini. Na sura ya mwisho aliitoa kwa sababu hapakubaki kitu cha kukiri. Nilimwambia msimulizi anadanganya kwa makusudi! Akauliza: sasa kaka, mimi ndiye ninayechapa, ukanificha mimi?

Mke wangu amesema Mhariri ni mtu mzima, nimweleze ukweli tu, atanipa hata siku mbili. Nitafikiria.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeitwa na Mhariri. Alikuwa anacheka bado. Jasusi asiyeweza kudanganya! Alisema hajapata kusoma kitu kama hicho. Akauliza kama nilikusudia.

Nilisema ndiyo. Miaka sita ya kutafakari, nikaongeza.

Akauliza kwa nini nilimponya yule dada. Nilisema afya ni falsafa. Akauliza sura ya mwisho iko wapi, maana orodha ya sura inaonyesha kumi na mbili na yeye anazo kumi na moja. Nilisema ya kumi na mbili ni ukimya.

Akafunga bahasha. Alisema muhuri wa Dada Mpigachapa uko nyuma, namba yake ya simu ipo, asubuhi wamezungumza nusu saa. Ameelezwa yote. Alikuwa ameshaamua kunipa wiki nzima nilete ule muswada wa mkono, nafasi ingekuwa yangu. Alitaka tu kunisikia nikisema ukweli mwenyewe.

Nafasi wamepewa kuku. Dada Mpigachapa anaanza kazi kwa Mhariri kesho, kama msahihishaji.

Nimekaa nikalichambua jambo hili kwa utulivu. Kosa langu liko wazi: watu wengi mno walijua. Nimeanza riwaya mpya. Ina siri nzito kuliko ile ya kwanza, na safari hii hata Mhariri simwambii.

Mke wangu ameniuliza ninaandika nini. Nimemwambia barua.