Nilivyoanguka Shindano Nililoshindana Peke Yangu

Leo nimeshindana peke yangu, nikashindwa. Soma tena kama hujaelewa. Mshindani alikuwa mmoja. Mimi. Na sikushinda!

Naandika nikiwa ndani ya kibanda changu cha kuchajia simu hapa Baraka, mlango nimeuegesha ili wateja wasinione uso. Nimeona bora mlisikie kwangu kabla hamjalisikia kwa watu wa sokoni, maana wao wameshaanza kuongeza chumvi. (Kuna anayesema mbuzi alinipiga pembe. Mbuzi hakunigusa. Ingekuwa afadhali.)

Tuanze mwanzo. Mimi nacheza yoyo, kile kigurudumu kinachoshuka na kupanda kwenye kamba. Hamjawahi kuniuliza, lakini najua mnajua. Nilijifunza kwenye kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya ziwa, mimi na rafiki yangu Amisi, kwa yoyo ya mti aliyoichonga yeye mwenyewe. Baadaye Amisi akapata safari, akapelekwa nchi za mbali kuanza maisha. Mimi nikarudi kwetu Fizi, hapa Baraka. Mama yuko kijijini Lubondja na mihogo yake, na mimi niko hapa na simu za watu. Miaka sita nacheza peke yangu kila jioni, nikiutazama ukuta. Ukuta hausemi "hiyo nzuri." Ukuta hausemi "hebu rudia nione." Nilikuwa natafuta mtu mmoja tu. Mmoja! Nimfundishe, anizidi, tugombanie kamba. Basi.

Amisi huko aliko anaingia kwenye mashindano. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti kwamba amekuwa wa tatu. Nikamuuliza kapata nini. Akacheka. Kapata pakiti ya kamba na karatasi yenye jina lake, tena jina lenyewe wamelikosea. Wa kwanza alipata yoyo mpya na bahasha ambayo, kwa maelezo ya Amisi, haikutosha hata kumrudisha kwao kwa basi.

"Huku hakuna anayekuja kwa ajili ya zawadi," akasema. "Watu wanakuja kuonana."

Mimi nikajiona nina akili kuliko wote. Nikasema, hapo ndipo wanapokosea! Zawadi ndogo, watu wachache. Weka zawadi kubwa, uone kama Baraka nzima haitajifunza yoyo. Nikauza paneli yangu ya jua ya akiba, nikanunua mbuzi. (Ndiyo, mbuzi. Dume, mweusi, ana dharau. Huko kwa kina Amisi hakuna aliyewahi kutoa mbuzi.) Zawadi ya pili ikawa pakiti mpya ya kamba aliyonitumia Amisi mwenyewe. Nikalipia tangazo redioni siku tatu: shindano la yoyo, Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja wa nyuma ya soko la samaki, mshindi anaondoka na mbuzi.

Sheria niliziandika mimi, kwenye daftari. Dakika tatu. Alama kwa mia. Na ili mtu asije akarusha yoyo mara moja kwa mzaha akaondoka na mbuzi wangu, nikaongeza: mshindi lazima afikishe hamsini. (Naomba mkumbuke ni nani aliyeandika hiyo.) Mkuu wa majaji nikamwomba Mwalimu Asukulu, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu ambaye hata salamu yako anaisahihisha. Akaja na wenzake wawili, fundi cherehani na mkewe.

Sasa kosa. Mgeni angesamehewa. Mimi mtu wa Baraka sina wa kunisamehe. Niliweka meza. Juu ya meza kitambaa cheupe. Mbele yake viti vya kukodi, kwa mistari. Na juu ya kitambaa, karatasi yenye nafasi ya jina, namba ya simu na sahihi, kalamu imefungwa uzi isiibiwe. Mimi nilidhani hiyo ni orodha ya washindani. Lakini semina za miradi zimetulea vibaya. Hapa kwetu mtu akiona meza, kitambaa na karatasi ya kusaini, haulizi swali. Anasaini, anakaa, anangoja "transport," zile hela za nauli anazopewa hata aliyekuja kwa miguu kutoka nyumba ya pili.

Saa nne na nusu karatasi ilikuwa na majina arobaini na matatu. Jamani! Nilisogea pembeni nikajifanya nakaza kamba ya mbuzi, kumbe napangusa macho. Nilimwomba Mungu mtu mmoja, kanipa arobaini na watatu. Nikaanza kuwaza tutafanyia wapi mazoezi.

Nikaita jina la kwanza. Mama Riziki, jirani yangu, muuza unga wa muhogo.

"Karibu mbele, Mama. Uanze wewe."

"Nianze nini, mwanangu?"

"Kucheza. Yoyo yako iko wapi?"

Akawageukia wenzake, kisha akanitazama kwa huruma. "Mi nilizani Yoyo njo jina ya projet. Nimefunga biashara yangu juu ya transport. Formation inaanza saa ngapi?" (Projet ni mradi, formation ni semina.)

Nikaita la pili. Papa Dunia, dereva wa pikipiki. Akasimama kwa heshima zote.

"Chef, tutasaini tena pa kutoka, ao hii moja inatosha?"

Jasho likaanza. Nikapaza sauti: "Nani hapa ana yoyo? Hata mmoja!"

Mbuzi akakohoa. Halafu, mstari wa nyuma kabisa, mkono ukapanda. Mkono wa mama mmoja nisiyemjua. Moyo wangu uliruka, nawaambia kweli.

"Ndiyo, Mama! Sema!"

"Maji ya kunywa banaleta saa ngapi?"

Nilitaka kufunga shughuli pale pale. Nikainama kwa Mwalimu Asukulu nikamnong'oneza kwamba hakuna washindani, tuwaombe watu radhi waende. Mwalimu akavua miwani.

"Concours ikisha kufunguliwa, inafungwa na matokeo. Mi nimeshaandika PV mpaka hapa." Akanionyesha kwa kalamu hiyo PV, taarifa rasmi ya shindano. Alikuwa ameandika *Mshindani namba 1*, na nukta mbili. "Jina?"

Nikatazama viti. Nikamtazama mbuzi. "Wilondja," nikasema. Yaani mimi.

Watu wakapiga makofi. (Walidhani ndiyo formation inaanza.) Lakini makofi ni makofi, na mimi sijawahi kupigiwa. Nikavaa kamba kidoleni, kamba yangu ya zamani iliyochakaa, kwa sababu ile mpya nilikuwa nimeitunza kwa ajili ya mshindi wa pili. Nikawasha muziki kwenye simu.

Dakika ya kwanza ilikwenda vizuri. Niliirusha yoyo chini, ikalala pale mwisho wa kamba inazunguka, nikaiacha ilale, nikaiita ikapanda. Nikairusha pembeni, ikatua juu ya kamba. Dakika ya pili nikasikia Mama Riziki anasema, "Eee, kumbe haianguke!"

Basi! Maneno hayo mawili matatu yalinimaliza. Miaka sita nasubiri mtu aseme kitu kama hicho. Nikasahau nilichopanga. Nikataka kumwonyesha ile kubwa, ya mzunguko, ambayo mimi na Amisi tulikuwa tunaifanya kambini mpaka watu wanaacha foleni ya maji. Nikaipeleka juu kwa nguvu zangu zote.

Kamba ikakatika.

Yoyo yangu ya sasa ni ya chuma. Ikapita juu ya majaji, ikashuka, ikamkuta mbuzi kwenye paja. Na mbuzi nilikuwa nimemfunga wapi? Kwenye mguu wa meza ya majaji. (Nani alimfunga pale? Msiulize.) Mbuzi akaruka, meza ikafuata, kitambaa kikafuata, karatasi zikapaa, meza ikapinduka, kamba ikachomoka mguuni, na mbuzi akaondoka kuelekea ziwani kama ana tiketi ya boti ya kwenda Kazimia.

Papa Dunia akapiga kelele: "Transport inakimbia!"

Uwanja mzima ukaamka. Watu arobaini na watatu! Viti chini, sandali zimebaki, bamama wamefunga vitenge kiunoni, fundi cherehani na mkewe nao wamo, majaji kabisa! Kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi hakukuwa na mtu. Vumbi tu.

Nimebaki mimi, kidole juu, kamba nusu inaning'inia. Na Mwalimu Asukulu, amepiga magoti anaokota karatasi zake. Akatazama saa ya mkononi.

"Dakika tatu haiyaisha. Endelea."

"Mwalimu, yoyo imeenda."

"Iko sekunde makumi ine."

Ndugu zangu, nilisimama. Sekunde arobaini, kwenye uwanja mtupu, mbele ya viti vilivyoanguka, nimenyoosha mkono, kamba haina kitu, muziki unapiga. Niliwahi kulala njaa, niliwahi kuvuka ziwa usiku wa mawimbi, lakini sijawahi kuwa peke yangu kama hizo sekunde arobaini. Nilimaliza kwa kuinama, kama ilivyo desturi. Nilimwinamia nani, sijui.

Mwalimu akanyanyua meza, akatandika kitambaa, akakaa, akasoma kwa sauti ya kusikika mpaka mstari wa nyuma ambao haukuwa na mtu.

"Mshindani namba moya. Mpaka dakika ya pili, muzuri sana. Kisha, amepoteza chombo cha kazi. Makumi ine na munane ku mia. Ameanguka."

"Mwalimu! Zimebaki mbili tu!"

"Miaka makumi tatu mu darasa sikumuongezea muntu hata moya. Mutoto yangu wa kuzaa nilimurudisha mu sixième, darasa la sita. We njo nani?"

Wakati huo wale wengine wakarudi, wanaimba. Mbuzi yuko mabegani mwa Mama Riziki, amemfunga kwa kitenge, mama mwenyewe kalowa mpaka kifuani. Mwalimu akawasomea matokeo kwa utulivu: mshindani mmoja, kaanguka mmoja, mshindi hakuna.

"Kama mushindi hakuna," akasema Papa Dunia, "mbuzi haina mwenyewe. Basi njo transport yetu."

Wakashangilia. Nikajaribu kusema. Sikusikika. Mchinjaji alipatikana upesi kuliko mshindani, na haikupita muda nyama ikawa juu ya majani ya migomba, mafungu madogo madogo, Papa Dunia ameshika ile karatasi anaita majina kwa mpangilio. Kusema kweli sijawahi kuona ugawaji wa haki kama ule.

Nikapanga foleni na mimi. Nifanyeje? Nikafika mbele na mfuko wangu.

"Uko namba ngapi?"

"Mimi siko kwenye orodha. Mimi ndiye mwenye mbuzi."

Papa Dunia hakuinua hata macho. "Bote banasemaka vile. Pisha mwenzako."

Walionisikia nyuma yangu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Riziki akanivuta pembeni, akakata kipande kwenye fungu lake, akanitia mkononi. "Shika, mwanangu. Usilie juu ya nyama."

Sikuwa nalia. (Nilikuwa nalia. Lakini haikuwa juu ya nyama, na sikujua namna ya kumweleza.)

Wakaondoka wawili wawili, watatu watatu, wanasimuliana mbuzi alivyoruka mtaro, nani aliteleza, nani alikosa mkia kidogo tu. Walikuwa na furaha sana. Hakuna aliyezungumzia yoyo. Nilijipanga nyuma ya kundi moja niwasikilize, lakini wakakata kona kuelekea makwao, na mimi nyumbani kwangu ni upande mwingine.

Nikarudi kupanga viti. Mwalimu Asukulu alikuwa bado yupo, anamalizia PV yake kwa mwandiko wa ubaoni. Akanipa nisaini. Nikasaini pale palipoandikwa *Aliyeanguka*. Akakunja karatasi, akaiweka mfuko wa shati, akaniambia kwamba kwa sheria aliyeanguka kwa alama hizo ana haki ya kurudia.

"Jumamosi yenye kuya, saa kumi. Fasi ni hii hii."

"Na majaji, Mwalimu?"

"Bale bengine bamekimbilia nyama, nimebafukuza. Mi nitakuya."

Nikamshukuru. Nikamshukuru tena, nikamshika mkono kwa mikono miwili, mpaka akaniuliza kama nimesikia vizuri kwamba nimeanguka.

Kwa hiyo wiki ijayo nina mtihani wa marudio. Ninyi mliocheka wakati mnasoma, nawajua, msijifiche. Ila msinichekee kwenye simu. Njooni Jumamosi mnichekee pale uwanjani, mmekaa mbele yangu. Mbuzi hakuna.