Vipara vya Bure Mhunze

Jumatatu, 4 Agosti

Mteja mmoja leo. Hakuwa mteja. Aliingia saluni kuniuliza kwa Benedict kinyozi ni wapi. Nikamwonyesha: ng'ambo ya barabara, pale penye spika, televisheni na foleni. Akasema Kalisti, una roho nzuri. Roho hainyolewi.

Mke wangu Lukresia amenikumbusha, mbele ya mama yake, kwamba fremu hii ya saluni ni ya kaka yake. Kama Jumamosi, siku ya mnada, hakuna mtu kwenye kiti changu, kiti kinatoka na cherehani yake inaingia. Mama mkwe akatikisa kichwa kwa huzuni. Huzuni gani! Alishapima mlango.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata wazo! Benedict hajazi watu kwa ufundi. Anajaza kwa vichwa. Kila kichwa kinachotoka kwake kinatembea sokoni kikimtangaza. Mimi sina kichwa hata kimoja mjini. Hata changu alikinyoa Benedict.

Nimeazima kipaza sauti cha muuza sumu ya panya. Tangazo: kesho, kaya ya kwanza kufika inanyolewa yote, bure! Mtindo ni kipara tu, kwa sababu vichana vya mashine vilipotelea machimboni Geita, nilikokuwa nikinyoa wachimbaji. Hilo sikulitangaza. Kipaza kina tangazo lake la panya ndani. Kila nilipovuta pumzi kilidakia: anakufa yeye na ukoo wake!

Jumatano, 6 Agosti

Mzee Stanslaus kafika kabla sijafungua. Huyu hakatai cha bure. Vyandarua vilipogawiwa alichukua na vya mbuzi. Kaja na mkewe, vijana wake, mkwe wake Nelly, na mama yake mwenyewe, Bibi Bernadina, juu ya baiskeli. Nimenyoa wote mpaka ngozi. Vichwa vinang'aa!

Lukresia akauliza, hivi Baba Vaileth, watu hawa wakipita hivyo, wenzao si watafikiri kuna jambo? Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya tangazo, watu wafikiri.

Nikawaagiza wazunguke soko wote pamoja, polepole, wasicheke. Kichwa kinachocheka hakionekani vizuri. Walipita kimya, mstari mmoja. Soko likanyamaza. Wanaume wakavua kofia. Sijawahi kuona tangazo linaheshimiwa kiasi kile.

Alhamisi, 7 Agosti

Umati kwa Mzee Stanslaus tangu asubuhi! Nilidhani wanaulizia saluni. Wana kuni, unga na mikeka. Turubai limeshafungwa.

Hapa kwetu kaya ikinyoa vichwa vyote, imefiwa. Nalijua hilo tangu utotoni. Sikulikumbuka kibiashara.

Stanslaus alikuwa shambani. Bibi Bernadina akaamka, akakuta akina mama wanalia uani, akatazama huku na huku, mwanawe hayupo. Akapiga ukunga kuwashinda wote. Stanslaus akausikia njiani, akajua mama ndiye aliyekwenda, akaja mbio akilia mayo, mama yangu, mayo! Wakakutana mlangoni. Kila mmoja akamkimbia mwenzake.

Jirani yao Paskazia, aliyekwisha kulia mpaka sauti imekauka, akataka kujua sasa marehemu ni nani. Wote wakanigeukia. Nikauliza kama angalau wameona vichwa vilivyonyolewa safi.

Ijumaa, 8 Agosti

Wazee wa mtaa wameamua. Kilicholetwa msibani hakirudi kilikotoka, kwa hiyo kinapikwa, kinaliwa. Na mwenye msiba ni mimi. Nichote maji.

Nimechota mchana kutwa. Vijana wananiita mfiwa. Pole mfiwa, ongeza ndoo! Bibi Bernadina kala vizuri, kasema msiba wake ujao uwe na nyama.

Jioni wakashuka ndugu wa Stanslaus kutoka Nkome, ukoo mzima, na gunia la dagaa. Habari ya msiba iliwafikia kwa simu. Ya kuikanusha ilikuta simu haina chaji. Watu wa heshima wale, wakataka wanyolewe kwanza ndipo waingie uani. Wakakuta saluni yangu imefungwa. Mwenyewe yuko bombani.

Wakavuka barabara. Foleni ilifika kwa muuza mkaa. Benedict aliniona na madumu yangu, akanipungia mkono, akauliza kama nina ukoo mwingine wa kumletea.

Jumamosi, 9 Agosti

Kiti kimetoka. Cherehani imepita mlangoni bila hata kuinamishwa. Mama mkwe alipima vizuri.

Nimeshinda nje, nimekalia kiti changu. Nikamweleza Lukresia kwamba siku ya mnada imefika na kiti kina mtu. Hakuafiki.

Sina kinyongo. Cherehani nayo inahitaji kutangazwa, na mke wangu hana mtu mwenye uzoefu isipokuwa mimi. Ana gauni la harusi ambalo mwenyewe hajalifuata. Nimeongea na Ritha, binti wa Paskazia. Kesho, watu wakitoka kanisani, atalivaa na shela yake azunguke soko zima. Nimemtafutia na wa kumshikia mwavuli: Abel, mtoto wa Benedict, kwa kuwa ana suti.

Nimewaagiza waende polepole, wasicheke.