Kamera Inayochelewa

Jumatatu, 3 Juni

Klabu ya Habari imepata kamera! Kamera ya kweli, ya dijitali, ndogo kama kipande cha sabuni ya kuogea, rangi ya fedha, na mkwaruzo mmoja ubavuni. Imeletwa na mwanafunzi wa zamani ambaye sasa hupiga picha za harusi na ameshanunua kubwa kuliko hii. Mwalimu wa Klabu aliiinua juu tukaiona sote. Moyo ukanilipuka paa!

Sijawahi kutaka kitu namna hii. Hata viatu vya michezo sikuvitaka hivi.

Sababu naiandika hapa tu. Nyumbani kwetu hakuna picha ya Mama. Mama ni muuguzi katika hospitali ya mbali, na huja nyumbani zamu zinapomruhusu, yaani mara chache. Simu yake inapiga picha vizuri, lakini anayeishika ni yeye siku zote. Kwa hiyo sisi tumo, yeye hayumo, kisha anaondoka nayo. Simu ya Baba ni ya vitufe. Iliyopo ni picha moja ya pasipoti, ambamo Mama anaonekana kama mtu aliyekamatwa. Nikitaka kukumbuka anavyocheka, inabidi nifumbe macho, na siku hizi hata nikifumba anachelewa kuja.

Jumamosi hii anakuja! Atalala usiku mmoja.

Sasa, Mwalimu wa Klabu ana utaratibu wake. Hakuna kitu kinachoingia klabuni bila kufanyiwa tathmini ya maandishi, ubora upande huu, udhaifu upande ule. Mwaka jana tuliifanyia tathmini stepla. Stepla ikashindwa. Safari hii watathmini ni wawili, mimi na Namba Wani. Anaitwa hivyo kwa sababu hajawahi kuwa wa pili darasani. Wa pili ni mimi. Ijumaa tutasoma tathmini zetu mbele ya klabu, kisha wanachama watapiga kura kumchagua mtunza kamera, na mtunza kamera ndiye atakayekwenda nayo nyumbani kila mwisho wa wiki.

Kila mwisho wa wiki! Lazima niwe mimi.

Jumanne, 4 Juni

Leo ilikuwa zamu yangu kukaa na kamera. Nimeipima kwa haki, kama tulivyofundishwa.

Ubora: inaingia mfukoni mwa sketi. Inawaka upesi. Kitu kikiwa karibu, inakiona kuliko mimi. Nilipiga kidole gumba cha Baba, ambaye ni fundi wa friji, na mistari yote ya grisi ikatokea kama ramani ya mito. Baba alikitazama kidole chake kwenye kioo cha nyuma kwa muda, akasema kumbe amezeeka. Rangi nazo ni za kweli. Nilipiga kandambili za Mama zinazokaa mlangoni, zile za bluu ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzivaa. Zikatoka bluu ileile.

Udhaifu: penye giza inatia chengachenga. Betri inaisha bila kuaga. Ukivuta picha karibu na mkono ukatetemeka kidogo tu, picha inakuwa supu. Na kubwa kuliko yote, inachelewa! Unabonyeza kitufe, inafikiri, halafu ndiyo inapiga. Nilimpiga paka nikapata mkia. Nikamgeukia Bibi, mama yake Baba, ambaye huniita mke mwenzangu ingawa Babu alishafariki. Bibi alijiweka sawa, akakaza midomo, akangoja. Kimya. Akauliza, "We mke mwenzangu, hicho kitu kimelala?" Hapo ndipo ikapiga. Picha nzima ni mdomo wa Bibi.

Nimeipenda hadi naona aibu. Kabla ya kuirudisha kwenye kasha lake niliipangusa kwa leso, mkwaruzo nao nikaupangusa, kana kwamba utatoka.

Jumatano, 5 Juni

Kamera imeenda kwa Namba Wani. Alipoipokea aliizungusha kamba yake mkononi mara mbili. Mimi hata kuizungusha mara moja sikufikiria. Inaudhi!

Lakini nina mpango. Nimeupata katikati ya somo la jiografia. Nikiisifu kamera, kila mtu ataitaka, na kura atapata Namba Wani kama kawaida. Nikiiponda, hakuna atakayeitaka. Ndipo nitakapoinama kidogo, kwa unyenyekevu, na kusema kwamba basi, kwa ajili ya klabu, mzigo huu nitaubeba mimi. Nimeutazama mpango pande zote. Hauna tundu.

Nimeanza kuandika. Ubora wote nimeuacha nje. Udogo wake nimeuita hatari ya kupotea. Wepesi wake nimeuita dalili ya kukosa viungo vya ndani. Kuhusu betri, ambayo hupata joto kidogo, nimeandika kwamba siwezi kuthibitisha kuwa haitamlipukia mtu usoni. Si uongo. Siwezi kweli kuthibitisha!

Nilimuuliza Baba kama kuchelewa ni ugonjwa mkubwa. Akasema hata friji nzima hukaa kimya kwanza kabla ya kuunguruma. Nikamwambia asiniharibie.

Mchana shuleni, wakati wa mapumziko, nilikuwa nimeshawapitia wanachama mmoja mmoja, nikiwanong'oneza kwamba kamera ikiharibika atakayejibu ni mtunzaji. Mchora katuni wa klabu akasema yeye hata kalamu zake hupotea, asiguswe. Mtangazaji wetu akanitazama juu hadi chini. "Mwenzetu, mbona sura ya msiba? Nani kafa, betri?" Nikamwambia angoje Ijumaa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefanya mazoezi ya kusoma mbele ya Bibi, huku anachambua maharage. Nilipofika kwenye kulipuka, akaacha maharage. Nilipomaliza, alikuwa amesimama. Akataka kujua ni shule gani hiyo inayowapa watoto bomu waje nalo nyumbani, na akanikumbusha kwamba juzi nilimwelekezea yeye usoni, mke mwenza gani mimi.

Ushindi! Ikiwa Bibi ameamini, klabu ni nani?

Jioni Mama alipiga simu. Sauti ilikuwa inakatikakatika. Akauliza aniletee nini. Nikamwambia alete uso wake tu. Akacheka, na simu ikakatika katikati ya kicheko. Nikabaki nimeishikilia sikioni, labda kilichobaki kitafika. Baba akasema nimrudishie simu yake.

Ijumaa, 7 Juni

Msiba!

Alianza Namba Wani. Akasoma polepole, ubora na udhaifu, nusu kwa nusu, bila kitu chochote cha kusisimua. Halafu, eti, kuchelewa kwa kamera akakuandika upande wa ubora! Akasema kunampa mtu nafasi ya kujisahau. Nikacheka kwa sauti. Upuuzi gani huo?

Nikasimama mimi. Jamani, nilisoma! Sijawahi kusoma vile. Kwenye kulipuka, mtu mmoja huko nyuma alisema, "Mungu wangu." Nilipomaliza walipiga makofi hadi darasa la jirani likaja kuchungulia. Mwalimu akavua miwani, akaifuta. Akasema katika miaka yake yote hajapata kusikia tathmini yenye uchungu kiasi kile.

Nikainama kidogo. Nikasema kwamba kwa kuwa hakuna atakayeitaka, niko tayari kuubeba mzigo.

Mwalimu akanitazama kwa huruma. Huruma nyingi kupita kiasi. Akasema, "Hapana, mwanangu. Mtu anayeteswa na kamera namna hii, kumfungia nayo ndani kila wiki ni ukatili." Akauliza kama kuna mwingine mwenye moyo. Namba Wani akainua mkono, akasema yeye haogopi. Ikaja kura. Mikono yote juu. Mwalimu alikuwa bado ananitazama kwa ile huruma yake, basi na wangu nikauinua.

Mimi nimepewa cheo cha Mkuu wa Tathmini. Kimeanzishwa leo, kwa ajili yangu. Makofi tena.

Kesho Mama anakuja.

Jumamosi, 8 Juni

Mama amekuja! Alivua viatu mlangoni, akavaa kandambili zake, na nyumba ikapata tena sauti yake, pa, pa, pa, kutoka jikoni hadi sebuleni. Amekonda shingoni. Alikaa kwenye kochi kuniuliza habari za masomo, akasinzia kabla sijafika hisabati. Nikamkodolea macho, nikijaribu kumpiga picha kwa kichwa. Kovu la kwenye nyusi. Saa ya kazini aliyosahau kuibandua kifuani. Mdomo wazi kidogo. Nikafumba macho kuhakikisha. Kovu likahama upande. Haitoshi!

Nikatoka mbio hadi kwa kina Namba Wani, mtaa wa pili. Nilimkuta anasugua viatu vya shule. Nikamwomba kamera. Akaniuliza, "Si ulisema itamlipukia mtu usoni?" Nikajibu kwamba mama yangu ni muuguzi.

Hakucheka. Alinawa mikono, akasema sheria ni sheria, kamera haitoki mkononi mwa mtunza kamera. Nikamwambia basi aje na mkono wake.

Akaja. Bibi alipoiona kamera alijificha nyuma ya pazia. Mama, tuliyemwamsha, akajipangusa uso, akakaa wima, akavaa sura ileile ya pasipoti. Baba akasimama nyuma yake kama friji. Mimi nikajiweka karibu na Namba Wani ili nimwelekeze. Akaniambia, "Na wewe ingia." Nikasema mimi niko upande wa kamera. Akasema upande wa kamera yupo yeye.

Sikuwa nimefikiria hilo. Katika mipango yangu yote ya wiki nzima, aliyeishika kamera nilikuwa mimi. Nikaenda nikakaa ubavuni mwa Mama. Alikuwa ananukia sabuni ya hospitali.

Namba Wani akabonyeza. Tukakaza nyuso. Kamera ikafikiri. Ikafikiri. Kutoka nyuma ya pazia Bibi akauliza, "Imeshalipuka?" Mama akaangua kicheko, kichwa nyuma, mkono umenikamata shingo. Hapo ndipo ikapiga.

Tuliitazama kwenye kile kioo kidogo hadi vichwa vikagongana. Mama anacheka kwa meno yote, na lile pengo la pembeni. Baba katokea nusu, lakini nusu hiyo inatabasamu. Bibi ni jicho moja kwenye pazia. Mimi siitazami kamera. Namtazama Mama.

Namba Wani hakusema neno kuhusu nafasi ya kujisahau. Afadhali angesema. Nilikuwa nimeshaandaa jibu.

Jumapili, 9 Juni

Mama ameondoka asubuhi. Kabla ya kuondoka aliomba kuiona tena ile picha. Nikamwambia kamera iko kwa mtunza kamera. Akasema basi nichapishe mbili, moja ya kwetu, na moja yake aibandike ndani ya mlango wa kabati lake kazini, ili wenzake wajue naye ana watu. Nikaahidi. Niliahidi kabla sijajua picha zinachapishiwa wapi.

Kandambili ziko mlangoni. Moja imeelekea ndani, nyingine nje, kama alivyozivua. Baba alipita akazitazama. Huwa anazipanga. Leo amezikwepa tu.

Nimepigilia msumari ukutani, juu ya kitanda changu, usawa wa macho. Bibi akauliza nautundikia nini. Nikamwambia kitu kinakuja.

Jumatatu, 10 Juni

Maajabu! Yule mwanafunzi wa zamani ametuletea na printa, ndogo, ya kuchapisha picha! Mwalimu akatangaza kwamba kwa kuwa sasa klabu ina Mkuu wa Tathmini, safari hii atakayeitathmini ni mimi peke yangu. Ijumaa nitasoma. Kisha kura ya nani aitunze.

Namba Wani alinifuata mlangoni. Akanionyesha kiganjani kadi ya kamera, ile yenye picha yetu. Akasema nikimwomba Mwalimu sasa hivi, picha zangu mbili zitatoka kabla ya kengele. "Muombe tu. Kinywa si unacho?"

Maskini. Ndiyo maana yeye ni wa kwanza darasani tu. Mambo ya mipango hayaelewi. Nikiomba, nitapata picha mbili, basi, imekwisha. Lakini nikiiponda printa, hakuna atakayeitaka, itakuwa yangu, na kila Mama akija nitachapisha, na kuchapisha, hadi ukuta ujae na nisihitaji tena kufumba macho. Kosa la Ijumaa nimeshaligundua. Niliinama mapema mno. Safari hii sitasema kwamba niko tayari. Nitangoja nibembelezwe.

Nikamwambia Namba Wani aitunze kadi hadi Ijumaa. Akanitazama, akatikisa kichwa, akaitia mfukoni na kufunga kifungo.

Printa yenyewe sijaiona, iko bado ndani ya boksi. Nimeshaanza kuandika.

Udhaifu wa kwanza: inachelewa.