Salamu za Jabiri kwenye Kaseti ya Baba Mkwe

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimedhalilishwa. Kipindi cha salamu redioni kimesoma tena jina la Jabiri. Jabiri! Jirani yangu wa ukuta mmoja, anayetuma meseji zake akiwa amejilaza mkekani. Mimi Projestus, karani mstaafu, mtuma salamu tangu enzi za kadi za salamu, nilisomwa mara moja tu mwezi uliopita na hakuna aliyesikia. Nilipomweleza Jabiri, akasema aliyesomwa bila shahidi hakusomwa. Wote pale gengeni wakacheka.

Basi atapata ushahidi! Redio yangu kubwa ya sebuleni inapiga stesheni, CD na kaseti, tena ina deki mbili, tena inarekodi. Kesho jina langu likitajwa, nalinasa na kumpelekea mlangoni.

Jumanne, 2 Septemba

Kaseti tupu hazipatikani Kipawa nzima. Kijana wa duka la simu aliniuliza kaseti ndiyo nini. Nilirudi nyumbani nimefura.

Nikaipata moja kwenye sanduku la mke wangu Apolonia, chini ya vitenge. Haina jina, haina maandishi. Mbovu kidogo: vile vipande vidogo vya plastiki mgongoni vimevunjwa, na bila hivyo kitufe cha kurekodi kinagoma. Uzembe wa watu! Nikaziba matundu kwa plasta ya kidonda. Kikakubali.

Kipindi kilipoanza nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, inavyotakiwa. Nikakaa wima. Mtangazaji akasoma Jabiri! Salamu ndefu, ukoo mzima, hadi mkewe Rukaiya ambaye muda huo nilimsikia upande wa pili wa ukuta akikaanga samaki. Jina langu, wapi! Yaani nimehangaika kutwa nzima kumrekodia adui yangu ushahidi wake.

Alhamisi, 4 Septemba

Balaa. Apolonia amesema Jumamosi ndugu zake wanakuja kumkumbuka marehemu baba yao. Anakuja kaka yake Gaudens kutoka Goba, na dada yao Anna. Baada ya sala na chakula watasikiliza kaseti ya Baba.

Nikauliza kaseti gani. Ile ya sandukuni, akasema. Mzee aliirekodi kule Muleba akiwa kitandani, siku zake za mwisho, akimtaja kila mtoto. Hakuna sauti yake nyingine popote. Ndiyo maana walivunja vile vipande vya mgongoni, asije mjinga mmoja akarekodi juu yake.

Nikamwambia aniachie mimi niiandae, maana deki inataka kusafishwa. Akanishukuru kwa moyo mweupe. Lakini nauliza: mtu anawekaje hazina ya ukoo bila kuiandika jina? Hapo mwenye kosa ni nani?

Ijumaa, 5 Septemba

Nina maiki! Ilikuja na redio, na haijawahi kutumika.

Apolonia alipokwenda sokoni, nikaichomeka, nikawa Baba. Sauti yake sikuwahi kuisikia, lakini mzee ni mzee: taratibu, na kikohozi. Lafudhi ya kwetu Bukoba ninayo ya kuzaliwa. Nilipofika kwenye baraka, ndege ikapita juu ya bati. Nikaanza upya. Ndege nyingine! Hawa watu wa uwanja wa ndege hapo jirani hawana hata huruma kwa wafiwa. Mwisho nikajifunika blanketi mimi na maiki, jasho likinichuruzika hadi kiunoni.

Niliwausia watoto wapendane. Anna nikamsifia upole. Gaudens nikamwonya juu ya majivuno, kwa sababu Baba mwenyewe angemwonya. Mwishoni, bila makuu, nikamtaja mkwe wangu Projestus, mtu wa busara, ambaye familia imsikilize. Kazi safi. Nilikaribia kulia mwenyewe.

Jumamosi, 6 Septemba

Watu hawana shukrani!

Tulisali, tukala ndizi, chai ikaletwa. Jabiri na Rukaiya nao walikuwepo kama majirani. Nikabonyeza, spika zikatoa kwaya: nilisahau kuhamisha kutoka CD. Gaudens akacheka, akauliza kwa nini shemeji haweki mambo haya kwenye simu kama watu wengine. Nikahamishia kwenye kaseti.

Baba akaanza kuongea. Anna akalia papo hapo. Ilipofika kwenye majivuno, Gaudens akainamisha kichwa. Sijawahi kuifaidi redio yangu namna ile.

Kisha mzee akamsifu mkwe wake Projestus. Gaudens akainua kichwa. Akauliza polepole Baba alimfahamia wapi Projestus, ilhali alipofariki, Apolonia alikuwa darasa la tano. Nikajibu kwamba wazee wa zamani walikuwa wanaona mbali.

Hapo maneno yangu yakaisha, na mtangazaji akaingia na salamu za Jabiri wa Kipawa. Jabiri akaruka kwenye kiti: "Mie huyo! Si mnasikia? Mie huyo!" Rukaiya akamvuta shati akae. Gaudens akanyanyuka kunifuata. Nikanyoosha mkono nizime, lakini Apolonia akanishika kiganja. Akasema iache.

Salamu zikasonga, zikakatika. Zikafuata kelele za mkanda. Halafu akaja mzee mwenyewe. Sauti nyembamba, haifanani na yangu hata kidogo. Alisema Apolonia asitoke asubuhi bila sweta, kifua chake si kizuri. Akauliza kama hicho chombo bado kinazunguka. Akasema basi, zimeni. Hayo tu ndiyo yaliyobaki.

Apolonia akarudisha mkanda, akasikiliza. Akarudisha tena. Chai ikapoa, hakuna aliyegusa. Ndugu zake wameondoka bila kuniaga. Yeye hajanitukana hata neno moja, na ningependa anitukane. Joto lote hili, amekaa barazani amevaa sweta.

Jumapili, 7 Septemba

Nimelitafakari suala hili kwa haki. Hakuna aliyekumbuka kwamba ningeweza kurekodi hadi mwisho wa mkanda. Yale maneno ya sweta yapo kwa sababu yangu! Nani amesema asante? Hakuna.

Lakini mimi sina kinyongo. Mkanda ule ni wa zamani, siku yoyote utakatika, na Apolonia atabaki bila kitu. Kwa hiyo nitampa zawadi: nakala. Ndiyo kazi ya deki mbili. Moja inasoma, nyingine inarekodi. Kitabu cha maelekezo kilipotea tulipohamia, na mtu mwenye uzoefu hakihitaji. Kaseti ya kupokelea nimeipata pia, ni ya kwaya ya jumuiya yetu, wameniachia tu niwatunzie.

Apolonia yuko misa ya kwanza. Akirudi atakuta mambo yameisha, na pengine ataongea nami. Kwaya nimeiweka kulia, Baba kushoto. Inayorekodi ni ya kulia. Nina hakika kabisa, au karibu kabisa. Nabonyeza.