Mistari Mitatu ya Jiwe Letu

Jumatatu, 4 Machi

Jiwe linazidi kunipa heshima. Tangu litolewe pale barabara inapopanuliwa na kusimamishwa katika bustani yangu (ni ya maktaba, lakini anayemwagilia ni mimi), watu waliokuwa wananipita kama nguzo ya taa sasa wananiamkia. Lilichongwa na watu wa kale, kabla ya maandishi, kabla ya chuma. Linanifika kifuani. Siku ya kulishusha, mimi ndiye niliyemwelekeza dereva wa kreni: geuza, geuza kidogo, mistari itazame njia. Mistari mitatu mirefu, imeshuka sambamba. Unaiona hata ukiwa ng'ambo ya barabara.

Leo mgeni kaniuliza maana yake. Sikujua. Nikamwambia ni mito mitatu. Akashukuru sana.

Tatizo ni shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa historia. Analitaka jiwe likae shuleni kwake. Ijumaa mtaalamu wa makumbusho anakuja kuamua: libaki hapa au lihamie kule. Shemeji ameshaandaa mahali na kumwaga kokoto nyeupe. Hana haya hata kidogo.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji kaja na darasa zima, hata hodi hakupiga. Akawafundisha kwamba mistari ni kalenda: kupanda, kupalilia, kuvuna. Nikasema kwa upole kwamba ni mito. Akaniuliza nimesomea wapi mambo hayo. Nikamuuliza yeye alikuwa amesimama wapi wakati inachongwa. Wanafunzi wakacheka, hasa wale wa nyuma.

Lakini kalenda inapendeza kuliko mito, nakiri. Mchana wageni wote nimewaambia ni kalenda.

Mke wangu anasema tunagombana kama watoto wanaogombania dirisha la basi. Anasema jiwe limeishi maelfu ya miaka bila sisi. Sijaona hilo linahusiana vipi na Ijumaa.

Jumatano, 6 Machi

Nilisikia shemeji atakuja jioni na mkuu wake wa shule. Mpango: nijifiche nyuma ya jiwe, nisikilize hila zao. Kati ya jiwe na ukuta wa maktaba pana upenyo. Nikachuchumaa: mimi niliingia vizuri, tumbo liliingia kwa awamu.

Wakaja. Shemeji akajigamba kwamba Ijumaa atatoa mhadhara kuhusu kalenda mbele ya mtaalamu. Nilitaka kucheka ila nafasi ya kucheka haikuwepo. Shavu langu lilikuwa limebanwa kwenye jiwe, na shavu likahisi kitu. Jua la jioni likapenya ubavuni. Nikaona duara. Ndani ya duara, duara jingine. Pembeni vishimo vidogo, vimepangwa kama vya bao. Upande mzima! Kazi ya mikono iliyokuwa haina haraka.

Walipoondoka nikajichomoa, nikaenda mbele kuitazama upya mistari yangu mitatu. Ndani ya mmoja kuna rangi ya njano. Katapila lililolifukua jiwe kule barabarani ni la njano.

Nikakaa kwenye nyasi.

Alhamisi, 7 Machi

Kwa hiyo wazee wa kale, na michoro yao, wanatazama ukuta, na aliyewageuza ni mimi. Bila kreni hawageuki. Watu wa makumbusho wakijua, watasema mtu huyu hafai kukabidhiwa jiwe, na jiwe litaenda kwenye kokoto. Nami nitarudi kuwa nguzo ya taa.

Asubuhi nikapanga vyungu vya maua vifiche mistari. Maua mafupi. Jiwe likaonekana kama limevaa soksi.

Mke wangu akasema nipige simu makumbusho niseme ukweli, tena nimwonye kaka yake asijiaibishe. Simu niliishika muda mrefu. Kisha nikaona nianze na shemeji. Nilikwenda kwake kwa nia safi kabisa. Akanifungulia mlango na kuuliza kama nimekuja kuomba siku ya kuliaga jiwe langu. Nia ikaniishia palepale mlangoni.

Nikarudi nyumbani kufanya mazoezi ya maneno: jiwe nimeligeuza makusudi, kwa uhifadhi. Nimeyasema mbele ya kioo hadi mke wangu akauliza naongea na nani, na huyo mtu anajibu nini.

Ijumaa, 8 Machi

Mtaalamu ni binti mwembamba mwenye tochi. Shemeji akatoa mhadhara, wanafunzi wakaandika. Binti akasikiliza kwa adabu, kisha akateleza nyuma ya jiwe kama barua chini ya mlango. Mwanga wa tochi ukawa unatembea ukutani.

Akatoka na vumbi begani, anatabasamu. Akauliza nani aliyeweka michoro upande wa ukuta. Maneno yangu yote ya kioo yakapotea. Nikasema: mimi.

Akasema nimefanya vyema. Huku mbele kuna maji ya kumwagilia, jua na viganja vya watu. Kule nyuma michoro imetulia. Jiwe libaki, ila lisogezwe kidogo ili pawe na njia kati yake na ukuta. Na hii mistari ya mbele? Alama za meno ya katapila, akajijibu mwenyewe.

Darasa zima likamgeukia mwalimu. Shemeji akaanza kuchunguza viatu vyake. Nilikuwa nimeisubiri sura ile wiki nzima, na nilipoipata haikuwa na ladha. Nikasema kwa sauti kwamba habari ya kalenda nimeieneza mimi, kila mgeni wa bustani ni shahidi. Na ni kweli, tangu Jumanne.

Jioni shemeji kaja kula kwetu. Jiwe hakuligusia. Akachukua pande kubwa la nyama. Nikamwacha.

Jumapili, 10 Machi

Siku tulivu. Jiwe letu, bustani yetu. Wageni wanapita nyuma kwa zamu, wanatoka na sura za watu waliotoka kusali.

Mmoja tu alibaki mbele, akauliza mistari hii ni nini. Nimeapa kusema ukweli. Nikasema ni katapila. Akasikitika, mtu wa watu, akaanza kurudisha kamera mfukoni. Sikuweza kuvumilia. Nikamwambia ni katapila, ndiyo, lakini atazame jinsi mistari inavyolalia kushoto: dereva wake alitumia mkono wa kushoto, na kwa kina hiki, siku hiyo alikuwa na mawazo ya nyumbani.

Akapiga picha nyingi. Kesho nitamtungia dereva familia.