Kago kwenye Taa za Landrova

Jumatatu, 8 Agosti 1955

Nimekabidhiwa Landrova. Si kuiendesha, maana siwezi. Kuilinda. Bwana Meneja amepanda garimoshi kwenda Moshi na atarudi Jumamosi. Kabla ya kuondoka alinishika bega (mkono mzito!) akanieleza habari za jirani yetu wa shamba la pili. Aliegesha gari lake Makorora, mjini Tanga, akaingia dukani kununua biskuti, akatoka akakuta taa za mbele hazipo. Gari limebaki na matundu mawili kama fuvu. Meneja akasema akirudi akikuta taa zetu zimeibwa, au hata zimepata ufa, kiti cha karani mkuu atakikalia mtu mwingine.

Hakumtaja mtu huyo. Hakuwa na haja. Kristofa, karani wa mizani, alikuwa amesimama mlangoni anakitazama kiti changu kama anapimiwa suti.

Nikikosa kiti, nimekwisha. Baba yake Dorkasi kule Muheza alipokea barua yangu ya posa kwa sababu moja tu: ina maneno "karani mkuu" chini ya jina langu.

Mchana nimezichunguza taa. Sikujua zimejitokeza nje namna ile! Skrubu chache tu ndizo zinazozishika. Mtu mwenye kisu anaweza kuzing'oa. Na hili ni shamba la mkonge. Kila mtu ana kisu. Sikuweza kula.

Jumanne, 9 Agosti

Wazo! Wavu wa waya.

Nimekata kipande kwenye banda la kuku la Meneja, nyuma, pasipoonekana, nikazifunika taa na kukaza kwa waya. Kazi safi. Nikarudi ofisini nikiwa mwepesi.

Kumbe kuku nao hupitia nyuma. Wakatoka wote. Kristofa akapita akasema kwa sauti ya kusikika hadi kiwandani kwamba leo Manase ametia gari tunduni na kuwapa kuku uhuru. Wakata mkonge wakacheka. Mlinzi wetu, Uweso, akashinda anawafukuza kuku vichakani huku akilalamika kwamba yeye aliajiriwa kukamata wezi, hakuajiriwa kuwa mama wa vifaranga.

Jioni nikaenda kuangalia. Taa zipo. Wavu umeibwa.

Umeibwa! Uweso hakuona kitu, alikuwa na kuku. Anadhani kuna mtu alihitaji waya wa kutegea sungura. Alisema hivyo kwa utulivu kabisa. Lakini hebu fikiria: mwizi alisimama pale, vidole vyake vikazigusa taa, akaamua kwamba leo ataanza na wavu. Kesho je?

Jumatano, 10 Agosti

Sikulala. Alfajiri jibu likanijia, nikaliogopa kwanza, kisha nikalipenda.

Watu wa hapa hawaweki wavu kwenye minazi yao. Wanaweka kago. Kitambaa, kichupa, vikorokoro vya mganga vinaning'inizwa mtini, na nazi zinakaa hadi zianguke zenyewe. Nani atagusa? Mwizi huvimba tumbo, au hunasa palepale hadi mwenye mali aje. Hivyo husemwa. Mimi ni Mkristo, nimesoma misheni, siamini mambo hayo. Ndiyo maana hakuna ubaya nikitengeneza la uongo.

Nimelitengeneza mwenyewe, mlango umefungwa. Chupa tupu ya wino, yenye tone moja chini. Kitambaa chekundu. Makombe ya konokono. Utepe mkuukuu wa mashine ya taipu, nikauzungusha mara nyingi mpaka nikaanza kuuchukia. Saa ya chakula, wakati hapana mtu, nikalifunga katikati ya taa mbili.

Uweso aliporudi akaliona, akasimama mbali. Akauliza la nani hilo. Nikamwambia amekuja fundi wa uganga kutoka Moa, mtu mzito sana, amelifunga na kuondoka bila hata kunywa maji. Neno la maji lilikuja lenyewe. Nilijivunia.

Alhamisi, 11 Agosti

Ushindi! Hakuna unyayo hata mmoja karibu na gari. Wafanyakazi wanazunguka kwa kupita ndani ya mkonge, wanachomwa miiba, na hawalalamiki. Uweso ameniomba ruhusa aende Maramba kwa mkewe, kwa kuwa sasa kuna mlinzi bora kuliko yeye. Kristofa ametangaza kwamba yeye ni Mlutheri na hatishwi na vichupa. Ametangaza akiwa ng'ambo ya barabara.

Nimekula ugali na kisamvu, sahani mbili.

Kisha nikamwita Mwinyijuma, dereva. Nikamwomba awashe injini kidogo, maana keshokutwa ataenda kumpokea Meneja steshoni Tanga. Mwinyijuma ni mtu mzima, mpole, hajawahi kunikatalia jambo. Akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza yangu taratibu kama anaweka yai. Akasema:

"Bwana karani, mimi nina watoto saba. Mwite huyo bwana wako wa Moa alitegue, kisha uniite."

Nikamwambia halina neno kwa wenye nia njema. Akaniuliza, "Nani kaiambia chupa nia yangu?"

Nimekaa na ufunguo mpaka jioni. Gari lina taa mbili nzima na halina mtu wa kuliendesha.

Ijumaa, 12 Agosti

Siku mbaya. Nilikuwa nimekata shauri nilivue mimi mwenyewe na niseme fundi ameniruhusu. Kumbe habari zimeshavuka mto. Asubuhi Bi Semeni akaingia ofisini bila kubisha. Ndiye aliyekaga nusu ya minazi ya upande huu, na hapendi mtu aingie katika eneo lake.

Nikasimama. Nikampa shikamoo, akaipokea nusunusu. Akauliza ni nani aliyekuja kukaga mlangoni pake bila hodi. Nikasema ni fundi wa Moa. Akasema vizuri sana, yeye amezaliwa Moa. Fundi gani? Nikajikuta natamka Shehe Mbaruku. Wa nyumba ipi? Nikasema ile karibu na kisima. Akasema kisima cha Moa kimezungukwa na makaburi.

Jasho!

Hakunikasirikia. Afadhali angenikasirikia. Aliinama, akaniambia polepole, mwanangu, kago hutolewa na mkono uleule uliolifunga, mkono mtupu, mchana, mbele za watu. Likifungwa na asiyefundishwa, halijui adui ni nani, basi humshika aliye karibu. Akaniuliza kama nalala vizuri. Kama tumbo halinisumbui.

Tumbo lilikuwa halinisumbui. Alipotoka likaanza.

Najua ni kisamvu. Sahani mbili! Najua kabisa kile ni kichupa cha wino, nilikijaza mimi, nikakimaliza mimi. Nimejisomea jambo hilo kwa sauti. Lakini makombe yale ya konokono, niliyaokota wapi? Nyuma ya ghala. Na nani aliyaweka nyuma ya ghala?

Jumamosi, 13 Agosti



Meneja anafika Tanga saa kumi na moja jioni. Asubuhi watu wote wamekusanyika, maana Bi Semeni alihakikisha wanajua. Mwinyijuma amesimama na kanzu safi, tayari kuendesha au kukimbia. Kristofa amepanda juu ya mtumba wa mkonge apate kuona vizuri. Bi Semeni mwenyewe ameletewa kiti. Kiti changu!

Nikatangaza kwamba fundi amenipa idhini. Watu wakasema aaa. Nikasogea. Nikanyoosha mkono.

Mkono ukakataa. Sijui nieleze vipi. Niliuamrisha, ukabaki hewani. Tumbo likanguruma, na watu wa mbele wakalisikia wakarudi nyuma. Kristofa akapaza sauti:

"Shika, karani mkuu! Au tukuitie mama?"

Hapo nikaona upondo wa kuangulia machungwa umeegemezwa ukutani. Mrefu, mwepesi, na ndoano mwishoni. Sikugusa kitu kwa mkono mtupu, lakini pia sikukimbia. Njia ya katikati. Nikafumba macho nikasukuma.

Kioo.

Sauti ya kioo haifanani na sauti nyingine yoyote. Nilipofumbua macho, chupa ilikuwa imevunjika, na taa ya kushoto imevunjika nayo, na lile tone la mwisho la wino mweusi linachuruzika juu ya bampa taratibu. Mtu mmoja akapiga kelele kwamba linatoa damu. Wote wakakimbia! Kristofa aliruka kutoka juu ya mtumba akafika mizanini mbele ya watoto. Bi Semeni alitembea, lakini alitembea haraka sana. Nami nilikimbia. Nilijua ni wino, nikakimbia.

Baadaye Bi Semeni, akiwa upande wa pili wa ghala, akatoa hukumu: kago limechukua jicho moja, limeshiba, gari ni huru. Mwinyijuma akaondoka nalo likiwa chongo, huku akisoma dua hadi barabarani.

Meneja amerudi giza limeingia, tope limempanda mpaka mapajani. Walitumbukia mtaroni karibu na njia panda. Upande wa kushoto. Amesema tutaonana Jumatatu.

Jumatatu, 15 Agosti

Meneja aliuliza nini kilivunja taa. Nikasema jiwe lililorushwa na tairi. Akauliza, gari likiwa limeegeshwa? Kristofa akakohoa, akajitolea kueleza, akaeleza vizuri mno, hata mlio wa tumbo langu aliuigiza. Meneja hakukasirika. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akampa Kristofa kiti.

Mimi nimepelekwa stoo, kutunza visu na kamba. Nimemwandikia baba yake Dorkasi kwamba nimepandishwa cheo, sasa ni Mkuu wa Vifaa. Atakuja kunitembelea mwezi ujao. Sijui kwa nini niliongeza kwamba nina ofisi yangu mwenyewe.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni mlango wa stoo. Komeo limelegea, mtu akiegemea tu anaingia. Na visu vyote vimo humo! Lakini leo nimepata dawa yake, na safari hii hakuna kuning'iniza kitu. Nimewaambia watu, mmoja mmoja, kwa siri, kwamba nimeona nyoka koboko ndani, nyuma ya mafungu ya kamba. Mweusi, mrefu kama mkono wa Meneja mara tatu. Habari zimeenea kabla ya saa sita. Hakuna aliyekaribia mlango tangu hapo.

Naandika haya nikiwa nimekaa nje, juu ya ndoo. Nilikuwa niingie kuhesabu visu, lakini kuna kitu kimetikisa zile kamba.

Nitaingia kesho. Au nitamwambia Uweso aingie kwanza.